Ukoo wa Ngamiani 🧱 (Tanga–Kent–Dar–Muscat)

— Alhamisi —

Shangazi Rehema: Asalaam aleikum familia. Naomba kila mtu asome hii mpaka mwisho asije mtu akasema hakuambiwa. Dirisha la Idi la kusajili kozi za kota ya Septemba (kota ndo muhula wa huku, robo ya mwaka) linafunguka kesho saa moja asubuhi saa za hapa Kent, Marekani, na mpaka ninavyoandika hapa hajachagua hata kozi moja, anasema "ntaangalia shangazi", unaangalia nini na madarasa ya jioni yanajaa kabla watu hawajanywa chai

Shangazi Rehema: Digrii ni ile ya usimamizi wa ujenzi ya kuhamia. Anasoma miaka miwili hapa chuo cha karibu anakusanya krediti 90 halafu anahamia chuo kikuu anaingia mwaka wa tatu. Vyuo vikuu vyenyewe kwa hapa jimbo la Washington ni UW pale Seattle, Central kule Ellensburg, na WSU Pullman ambako ndo mwisho wa dunia

Shangazi Rehema: [picha ya karatasi ya kozi]

Ba'mdogo Hemedi: Hilo doa la chai nalo lina krediti ngapi 😂😂

Shangazi Rehema: Hemedi sitaki utani leo

Mwana Dar: Shikamoo shangazi. Picha haisomeki hata nikivuta

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Naandika basi. Septemba: hesabu 141, Kiingereza 101, uchumi 201 wa onlaini. Januari: hesabu 142, kozi ya kuhutubia, uchumi 202. Aprili: kalkulasi 151, uhasibu 201, jiolojia 101. Mwaka wa pili fizikia 114 yenye maabara, takwimu 146, sheria ya biashara na zile za ufundi anazozitaka mwenyewe, kusoma ramani na kukadiria na nini. Zenye ile alama ya & kabla ya namba ni namba ile ile kwenye vyuo vyote vya miaka miwili vya jimbo, kwa hiyo hata akihama chuo katikati haanzi upya

Shangazi Rehema: Naona tiki za bluu. Watu kumi na moja mmesoma

Shangazi Rehema: Haya

Idi: Shikamoo shangazi niko saiti ntasoma jioni

Shangazi Rehema: Marahaba. Jioni ya leo au ya mwakani

Ba'mdogo Hemedi: Mwacheni mtoto, si ana kadi ya OSHA tayari, ile mama yake kaitia fremu kaitundika sebuleni karibu na picha ya harusi

Shangazi Rehema: OSHA 10 ni masaa kumi ya usalama kazini haina krediti hata nusu

Ba'mdogo Hemedi: Ila ina fremu 😂

Mwana Dar: Shangazi nauliza kwa nia njema, mtu atakayesimama na kofia ngumu anahesabu mifuko ya simenti kalkulasi ya nini? Mi uhasibu na sheria ya biashara nazielewa, mikataba ile inaua makontrakta wengi kuliko zege bovu

Shangazi Rehema: Ya kuhamia Mwana. Chuo kikuu hakikuulizi utaitumia wapi, wanataka waione. Na shida siyo kalkulasi yenyewe, shida ni mnyororo. 151 huingii bila 142, 142 huingii bila 141, fizikia nayo inataka awe ameshapita trigonometria. Akiikosa 141 Septemba hii kila kitu kinasogea kota nzima, na kozi nyingine hapa hazifundishwi kila kota, ukisogea kidogo unajikuta umesogea mwaka. Ndo maana nawapigia kelele LEO

Bi Khadija: 🌹🌹 Usiku mwema kwa wote. Mwenyezi Mungu atuamshe salama. 🌹🌹

Shangazi Rehema: Amin Bi Khadija

Idi: Nimesoma. Shangazi mi nilikuwa nataka nianze na mbili tu, hesabu na Kiingereza. Saiti tunaanza saa kumi na mbili asubuhi na sasa hivi tuko kwenye draiwol, zile bodi za jasi za kuta, ghorofa nne, fomeni kaniambia nikikosa kosa atatafuta mtu mwingine

Shangazi Rehema: Mbili ni krediti 10. Chini ya 12 serikali haikuhesabu mwanafunzi kamili na ile ruzuku inapungua. Tunajaza ile fomu ya FAFSA ya kuomba hela ya masomo serikalini mama yako analia na kodi zake halafu wewe unawarudishia hela?

Idi: Sijasema nawarudishia

Shangazi Rehema: 15. Utafanya kazi Jumamosi

Salim: Hizo za ufundi kwenye karatasi jumla yake ngapi

Shangazi Rehema: Oh Salim yupo. Zipo nne

Salim: Nauliza krediti sio kozi

Shangazi Rehema: Kusoma ramani 3, kukadiria 5, vifaa vya ujenzi 5, sheria za majengo 5

Salim: 18. Digrii ya kuhamia inapokea 15 za namna hiyo mwisho. Zaidi ya hapo anasoma kwa kujifurahisha. Toa moja. Na muende kwa adivaiza, yule mshauri wa masomo, mkamwambie kwa maneno haya haya, DTA ya usimamizi wa ujenzi, DTA ndo hiyo digrii ya kuhamia, msiseme "ujenzi" tu maana ukisema ujenzi tu wanakuingiza ile ya ufundi ambayo inaishia hapo hapo, unapewa cheti kizuri unapigwa picha na joho

Ba'mdogo Hemedi: Na keki

Salim: Na keki. Ukienda kuhama ndo unaambiwa zinazopita ni 15

Shangazi Rehema: Salim hayo tulishayamaliza

Salim: Yaliisha kwako shangazi

Shangazi Rehema: Una kazi nzuri una gari una mke, nani kakuharibia maisha

Salim: Sijasema hivyo. Fomeni wa Idi ana miaka 26 na ile digrii. Mimi nina 38 nabeba mbao. Namalizia hapo

Ba'mdogo Hemedi: Kama leo ni siku ya kudaiana na mie nataka lori langu la mchanga la Pongwe

Mwana Dar: Ba'mdogo jamani 🙈

Shangazi Rehema: HEMEDI

Ba'mdogo Hemedi: Nini? Risiti ninayo

Dada Asha Tanga: Lori moja au mawili? Maana nilivyosikia mimi

Shangazi Rehema: Asha kalale kwenu huko ni usiku wa manane. Nimesema hapa tunazungumzia KOZI ZA IDI

Ujumbe huu umefutwa

Mwana Dar: Nani kafuta nini tena

— Ijumaa (Tanga) —

Bi Khadija: 🕌 Ijumaa Mubarak 🕌 Atakayetuma kwa watu kumi

Dada Asha Tanga: [sauti 2:07]

Dada Asha Tanga: Huyo ni babu. Nimemrekodi baada ya swala ya alfajiri, ameniomba simu mwenyewe. Msikilize wote

Mwana Dar: Niko kwenye daladala siwezi kusikiliza, anasemaje?

Dada Asha Tanga: Naandika alivyosema. "Mmeniamsha kwa simu ya Asha inalia usiku kucha. Kalkulasi siijui, mimi nilijua timazi na pima maji. Idi asome anachoweza kubeba na kazi yake, yeye ndiye anayeamka saa kumi. Lori la Hemedi nitalilipa mimi, lisitajwe tena. Na wewe Rehema. Salim ulimwambia achukue ile ya haraka ukamwambia ni neno la babu yake. Mimi sikulisema hilo neno. Nimenyamaza miaka yote kwa sababu wewe ni binti yangu."

Dada Asha Tanga: Halafu kanirudishia simu akaenda kumwagilia michungwa

Mwana Dar: 😶

Ba'mdogo Hemedi: Baba lori silitaki tena wallahi ilikuwa mzaha

Shangazi Rehema: Nimesikia baba

Dada Asha Tanga: Anauliza Salim kasikia?

Dada Asha Tanga: Salim?

Salim: Nimesikia babu. Shikamoo

Dada Asha Tanga: Anasema marahaba

— Ijumaa (Kent) —

Mama Idi: Jamani nimetoka zamu eapoti nimelala kidogo naamka nakuta ujumbe tisini na tatu. Idi kasajiliwa au hakusajiliwa? Na nani kasema habari ya fremu yangu

Ba'mdogo Hemedi: Shemeji fremu ni nzuri sana

Idi: Nimepata 141 ya jioni Jumanne na Alhamisi. Kiingereza nimepata. Uchumi wa onlaini umejaa niko foleni ya sita

Mama Idi: Foleni ya sita ndo nini

Idi: Wakitoka watu sita naingia

Mama Idi: Watatoka?

Salim: Wiki ya kwanza huwa wanatoka wakiona bei ya kitabu

Idi: Kwa hiyo nina 10. Kuna kusoma ramani ina nafasi, krediti 3, Ijumaa jioni. Inanifikisha 13

Salim: Chukua. Ila iandike mahali kwamba umeshakula 3 kati ya zile 15. Hesabu Jumatano nitapita nikusaidie, kazini natoka saa tisa

Idi: Asante kaka. Unacho bado kile kikokotoo cha grafu?

Salim: Nilikiuza

Mwana Dar: Kikokotoo nachangia mimi, nitumie bei Idi

Shangazi Rehema: Sawa. Uchumi ukishindikana achukue ile ya kuhutubia iwe sasa, Januari asome uchumi, haina mnyororo hiyo. Nimepiga simu ofisi ya adivaiza wamesema Jumatatu saa nane mchana

Idi: Saa nane niko saiti shangazi

Shangazi Rehema: Nitakwenda mimi

Mama Idi: Wifi, wanaongea na mwanafunzi mwenyewe tu, hapa mtoto akishaingia chuo hata mimi mama yake hawaniambii kitu mpaka asaini karatasi

Shangazi Rehema: Basi asaini karatasi

Salim: Shangazi

Shangazi Rehema: Haya. Aende mwenyewe siku akiweza. Salim nitakupigia baadaye, si hapa

Salim: Sawa

Mama Idi: Na hilo la Ellensburg nani kaliingiza? Mimi mtoto wangu hapiti njia ya mlimani ya Snoqualmie na theluji ile, barabara inafungwa watu wanalala kwenye magari

Idi: Si kila siku mama, nitakaa bweni. Central nimeipenda na ina ithibati ya ACCE, lile baraza la elimu ya ujenzi, sawa na UW, na UW hiyo hiyo sina hakika watanichukua

Mama Idi: Umeipenda umeiona wapi

Idi: Mtu wa saiti kasoma kule

Shangazi Rehema: UW ni basi moja na treni kutoka hapa unakula kwenu

Idi: Ndo tatizo lenyewe shangazi 😅

Ba'mdogo Hemedi: 😂😂😂😂

Mama Idi: Cheka tu

Bi Khadija: Idi anaoa lini?

Mwana Dar: Bi Khadija 😂 kwa hiyo ni Ellensburg au si Ellensburg, niandike wapi

Shangazi Rehema: Usiandike kitu. Tutaongea Jumapili wote kwenye simu saa mbili

Mwana Dar: Saa mbili ya kwenu au ya kwetu?