Laki moja ya ziada kila mwezi: forex, UTT au hatifungani? (Vikoba tusivilete humu)

Kibubu cha Chuma
Wakuu, tujadili kwa hesabu. Mtu ana mshahara, kodi ya nyumba kashalipa, ada kashalipa, hana deni, na kila mwisho wa mwezi anabakiwa na laki moja. Hataigusa kwa miaka kumi. Aipeleke wapi: forex (kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni), mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, au hatifungani, yaani kuikopesha serikali kwa riba? Vikoba, vikundi vya kuweka na kukopeshana, nimeviacha makusudi. Vile ni vya akina mama, wanazungusha hela ileile halafu Desemba wanagawana riba waliyojilipa wenyewe na kuiita faida. Karibuni wenye data.

Msoma Mishumaa
Miaka kumi ya nini mkuu? UTT ukipata asilimia 12 kwa mwaka unashangilia. Kwenye forex hiyo ni ya mwezi, ukiwa na nidhamu. Unahatarisha asilimia 1 ya mtaji kwa kila oda, unaweka kikomo cha hasara kabla hujabonyeza, unalenga faida mara mbili ya hasara. Ukipatia oda 4 kati ya 10 bado uko juu. Kinachowaua Wabongo ni tamaa, forex wanaionea tu.

Hesabu Mezani
Asilimia 1 ya mtaji upi? Laki moja ni kama dola 40. Asilimia 1 yake ni senti 40. Kiasi kidogo kabisa cha oda, yaani loti, kwa broka wengi ni 0.01, na kwa euro na dola kila pip (hatua ndogo ya bei) hapo ni senti 10. Weka kikomo pip 20: umeshahatarisha dola 2, yaani asilimia 5 ya akaunti. Kanuni yako imevunjika kwenye oda ya kwanza, kabla tamaa haijafika. Ili dola 2 ziwe asilimia 1 unahitaji akaunti ya dola 200, miezi mitano ya huyo ndugu.

Dhahabu ndiyo usiseme. 0.01 ni wakia moja nzima; bei ikisogea dola 20, na inasogea hivyo kwa siku ya kawaida, nusu ya akaunti imekwenda. Oda ikilala unakatwa malipo ya usiku. Takwimu za ajira za Marekani zikitoka, tofauti ya bei ya kununua na kuuza inatanuka na kikomo chako kinarukwa, unafungiwa chini ya pale ulipoweka. Mwaka 2018 ESMA, wasimamizi wa masoko ya Ulaya, walisema akaunti 74 hadi 89 kati ya 100 za wateja wadogo wa mikataba ya namna hii hupoteza. Hao nao wote wana tamaa?

Mama wa Sanduku
Forex nawaachia wenyewe. Mimi nimekuja kwa huyu wa "akina mama wanazungusha hela ileile". Kaka, benki yako inafanya nini? Inachukua amana zenu, inawakopesha nyinyi nyinyi, riba inabaki kwao na wewe wanakukata makato ya mwezi. Kwenye kikoba riba inarudi kwa mwenye hisa. Kama hiyo ni dhambi, basi ni ya akina mama wanaojua kuhesabu.

Msoma Mishumaa
Hesabu Mezani, kuna akaunti za senti. Dola 40 inasomeka 4,000, loti ya 0.01 inakuwa ndogo mara mia. Hoja yako imekufa.

Kibubu cha Chuma
Dada, sikusema kwa ubaya, usinichafulie uzi. Ila jibu hoja: riba inatoka wapi? Mfukoni mwa mwanachama. Hakuna shilingi hata moja iliyoingia kutoka nje. Mtaji wa kikundi umekuaje sasa?

Mama wa Sanduku
Umeingia kutoka sokoni, baba. Anayekopa laki tatu hazili, ananunua gunia, anauza kwa kilo, anarudisha na riba. Faida ya gunia ndiyo inayolipa. Au unadhani tunakopeshana ili tuangaliane?

Na kwa kuwa umeomba data, chukua. Wanachama 20, hisa moja 2,000, kila mtu hisa 5 kwa wiki. Ni 10,000 kwa wiki, wiki 52 ni 520,000 kwa mtu, kikundi kizima milioni 10.4. Mkopo mwisho mara tatu ya hisa zako, miezi mitatu, riba asilimia 10. Kikundi kikikopeshana jumla ya milioni 15 kwa mwaka, riba ni milioni 1.5. Kila mmoja anaondoka na 520,000 yake pamoja na 75,000. Wewe na UTT yako tutakuona.

Hesabu Mezani
Mama, tena umejipunja. Huyo hakuweka 520,000 Januari, aliweka kidogo kidogo, kwa hiyo wastani wa fedha yake sandukuni kwa mwaka ni 260,000. 75,000 juu ya 260,000 ni karibu asilimia 29. Mifuko ya UTT kwa kawaida haifiki huko.

Lakini malizia hesabu. Anayeweka bila kukopa amepata 75,000. Aliyekopa 600,000 mara mbili amelipa riba 120,000 na kurudishiwa 75,000 ileile, ametoa 45,000. Kwa hiyo asilimia 29 ya yule imetoka kwa huyu, na mara nyingi huyu ndiye mwenye shida kuliko yule.

Pili, "asilimia 10" inadanganya macho. Laki tatu ikirejeshwa kwa awamu tatu za 110,000 kila mwezi, mkopaji hakai na laki tatu miezi mitatu; mwezi wa pili anashikilia mbili, wa tatu moja. Riba halisi ni karibu asilimia 4.9 kwa mwezi. Wakopeshaji wenye leseni ya daraja la pili, hawa mnaowaita kausha damu, BoT, Benki Kuu yetu, imewawekea ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi.

Mama wa Sanduku
Na wewe umechagua awamu ili upate 4.9 yako. Mkopo unaolipwa wote mwisho wa miezi mitatu unatoka asilimia 3.2 kwa mwezi. Hiyo iko chini ya ukomo wako.

Halafu kutulinganisha na kausha damu ni kutukosea adabu. Kausha damu hakati kwanza ada ya fomu? Hapigi simu kwa wakwe zako? Ukifiwa wiki ya marejesho, yeye anakupa rambirambi? Sisi mfuko wa jamii unakaa kwenye kifuko chake, haukopeshwi kwa biashara, na anayefiwa anapewa siku hiyohiyo.

Tajiri Mtarajiwa
Si ndiyo mambo yaleyale ya upatu wa DECI wa 2009? Watu walipanda mbegu, wakavuna machozi.

Mama wa Sanduku
Huyu naye katokea wapi!

Mwandishi wa Kikundi
Tajiri Mtarajiwa, usichanganye. DECI mtu wa kwanza alilipwa kwa hela ya mtu wa mwisho. Wapya wakiisha, wa mwisho wanabaki na risiti. Kikoba hakihitaji mtu mpya. Idadi imefungwa tangu Januari, na kila shilingi iliyotoka ina jina la mkopaji na wadhamini wake. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi ni daraja la nne, vinasajiliwa kupitia halmashauri. Kikundi kisichosajiliwa kina kosa, hilo nakubali, lakini siyo kosa la DECI.

Utaratibu wenyewe tuuweke sawa maana naona watu wanaongelea wasichokijua. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, wala mwenyekiti si mmoja wao, na sanduku analala nalo mtu wa nne. Kila mwanachama ana daftari. Hisa moja ni muhuri mmoja, vyumba vitano kwa wiki. Ukinunua hisa tatu, vyumba viwili vilivyobaki vinapigwa mstari palepale mbele ya watu, vinginevyo kuna siku vitajigongea mihuri usiku. Fedha zinahesabiwa kwa sauti, na kabla ya kufunga kila mtu anakariri salio. Mkutano unaofuata unaanza kwa kulitaja salio hilo. Kikundi kinachoacha kukariri ndicho kinachoibiwa.

Hesabu Mezani
Hapo nakupa heko. Ila vingi mjini havina sanduku, hela iko kwenye simu ya mweka hazina kwa namba yake binafsi. Hiyo ni kufuli moja. Bora M-Koba, akaunti ya kikundi ya Vodacom, maana kutoa lazima wenzake waidhinishe.

Nahodha wa Likoni
Nyinyi watani zetu mwagombana bure. Huku Kenya mtu wa mshahara huenda sacco. Akiba yako wakopeshwa mara tatu, riba ya kawaida asilimia 1 kwa mwezi kwa salio lililobaki. Mkopo wa 300,000 wa mwaka, ukilipa 25,000 ya mtaji kila mwezi na riba juu, mwezi wa kwanza riba 3,000, wa pili 2,750, hivyo hivyo hadi mwisho: jumla 19,500. Linganisha na hiyo asilimia 10 ya kila miezi mitatu.

Ubaya wake: akiba haitoki mpaka ujiondoe, watoa notisi ya siku 60, na kama umemdhamini mtu, hutoki mpaka amalize au utafute wa kukaa mahali pako. Wenye haraka huweka mifuko ya soko la fedha, ila faida yakatwa kodi asilimia 15.

Kibubu cha Chuma
Ahsante Nahodha, angalau wewe umejibu swali. Sasa wa hatifungani wako wapi?

Wakala wa Jumatano
Nipo, mlikuwa mnapigana. Minada ya BoT ni Jumatano. Unafungua akaunti ya CDS, inayotunza hatifungani zako kielektroniki, kwa dalali wa soko la hisa au benki yako, unajaza zabuni. Kianzio milioni 1. Mgeni ajaze zabuni isiyo ya ushindani, atapewa kwa bei ya wastani ya mnada. Ukijitia kutaja bei yako na kuikosea, unatoka mikono mitupu.

Ya miaka 25 ilipoanza 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95. Milioni moja inalipa 79,750 kila miezi sita. Mwaka 2022 toleo jipya likashushwa hadi 12.56, na walioshika zile za zamani wakaona bei zake zinapanda soko la pili, pale wenye hatifungani wanapouziana. Kinyume chake pia kipo: riba mpya zikipanda na wewe una shida ya kuuza, unauza kwa hasara. Kwa hiyo hela ya ada ya mwakani usiitie humo.

Mwenye laki moja kwa mwezi hafiki mnadani mpaka mwezi wa kumi. Aanzie Mfuko wa Ukwasi wa UTT: kianzio laki moja, nyongeza kuanzia 10,000, kutoa hakuna tozo na hela inafika ndani ya siku tatu za kazi. Ikifika milioni, anahamisha mnadani. Riba ya kila nusu mwaka inarudi Ukwasi, haiendi kwenye simu mpya. Kwa wastani wa asilimia 1 kwa mwezi, laki moja kwa miaka kumi ni milioni 23, na aliyoweka yeye ni 12.

Mama wa Sanduku
Yaani miaka kumi upate milioni 11 ya faida, halafu ndiyo mnatucheka sisi.

Wakala wa Jumatano
Hakuna aliyekucheka mama. Tena nikuulize: miezi miwili kabla ya kugawana mnasimamisha mikopo ili madeni yarudi. Milioni zinarudi kidogo kidogo na kulala sandukuni. Kwa nini zisilale Ukwasi?

Mama wa Sanduku
Zilale huko, siku ya kugawana mtandao ukisumbua niwaambie nini watu 20 waliokuja na mabegi?

Msoma Mishumaa
Naona hamkunijibu kuhusu akaunti ya senti.

Hesabu Mezani
Imejibika yenyewe. Asilimia 12 ya dola 40 ni dola 4 na senti 80. Ukeshe mwezi mzima ukichungulia soko la New York kwa hela ya chipsi mayai na soda mbili.

Mwandishi wa Kikundi
Kuhusu Ukwasi hoja ina mashiko, ila si jambo la kuamka nalo. Kikundi kinafungua akaunti kwa jina lake, kwa hiyo lazima cheti cha usajili, katiba, na muhtasari wa kikao unaotaja watia saini. Wawe watatu, na ombi la kutoa lipelekwe wiki nzima kabla, kwa sababu siku tatu za kazi ukipeleka Alhamisi ni Jumanne. Na akaunti ya benki ya kupokelea iwe ya kikundi. Ikiwa ya mweka hazina mmeshaharibu.

Mama wa Sanduku
Mtia saini mmoja akisafiri?

Mwandishi wa Kikundi
Muhtasari useme wawili kati ya watatu watosha. Kama hausemi, mnamsubiri arudi.

Kibubu cha Chuma
Wakuu, mada ilikuwa ya mtu mmoja mwenye laki moja.

Mama wa Sanduku
Mwambie aje na 10,000 kwa wiki, tunafungua hisa Januari. Wanaume pia tunapokea, faini ya kuchelewa 1,000.