Mliomaliza kemo ya saratani, nguvu zilirudi baada ya muda gani? Tupeane uzoefu

Mke wa Fundi
Wakuu, nimemaliza dripu ya sita mwezi wa tatu. Nyumbani wanajua kumaliza ndio kupona. Jana nimeshindwa kuinua ndoo ya lita 20, nikaikokota hadi mlangoni, nusu ikamwagika, nikakaa pale pale kwenye tope nikalia. Vidole vina ganzi, kufunga kifungo cha sare ya mtoto ni kazi ya dakika 5. Chakula chote kama nalamba msumari. Mlikaa muda gani?

Kijana wa Hombolo
Msumari! Nilidhani niko peke yangu.

Mama Zabibu
Mwenzangu, umenitonesha. Mimi ilikuwa ya titi, nilitibiwa hospitali ya Ocean Road, Dar. Siku ya 8 baada ya dripu ya mwisho nikapanda treni ya SGR kurudi Dodoma, furaha tele. Kesho yake msiba Chamwino. Nikaona nisipoenda watasema nadeka. Mikono ya watu wote wale, vumbi la Agosti, mlenda tumekula sinia moja.

Usiku nikaanza kutetemeka, meno yanagongana. Kipimajoto 38.6. Wifi akasema malaria hiyo, meza mseto ulale. Mume akatoa panadol, tusubiri kuche. Mimi macho kwenye kadi yangu, nesi alikuwa ameandika nyuma kwa kalamu nyekundu: IKIFIKA 38 USINGOJE ASUBUHI. Tukaita bajaji saa 9 usiku. Malaria hakuna. FBP, kile kipimo cha damu, ikatoka, chembe nyeupe zinazopigana na wadudu karibu zimekwisha. Nililazwa siku 6, antibaiotiki za mshipa. Ndipo nikaelewa: chembe nyeupe hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, na panadol ingeshusha homa tu huku wadudu wanaendelea na kazi yao kwenye damu.

Nguvu? Mwaka mzima, mdogo wangu. Nilianza kwa kwenda dukani kwa jirani na kurudi.

Mkulima wa Rozela
Rozela na ubuyu asubuhi na jioni. Asante baadaye.

Ntyuka Juu
Maziwa mabichi, yakitoka kwenye ng'ombe moja kwa moja mdomoni. Mjomba alisimama baada ya wiki 2.

Dada wa Maabara
Maziwa mabichi kwa mtu asiye na kinga? Ugonjwa wa brusela unaujua wewe? Chemsheni, jamani. Mayai nayo yaive.

Ntyuka Juu
Babu zetu walikunywa.

Dada wa Maabara
Babu zetu hawakupigwa kemo.

Tiba Asilia Makole
Nina unga wa majani ya stafeli, unarudisha kinga siku 7. Njoo PM.

Kijana wa Hombolo
Wewe tena! Mwezi jana unga huo huo ulikuwa wa nguvu za kiume.

Mzee wa Kikuyu
Lala miezi 6, usiguse kitu.

Mama Zabibu
Shikamoo mzee, lakini hapana. Ukilala moja kwa moja miguu inakwisha. Atembee dakika 10 kila siku, akichoka akae.

Mwana Mpwapwa
Mimi ilikuwa ya matezi. Nilikonda hadi suruali nafunga kwa kamba ya katani. Mtaani wakasema ngoma hiyo. Siku moja mchumba akaja na shangazi zake wawili. Wamenipa pole, wamekunywa soda, shangazi mkubwa akafungua mkoba akatoa karatasi. Hesabu ya mahari. Wanarudisha! Nimekaa pale na kofia ya sufu, beseni la kutapikia mapajani.

Ntyuka Juu
Weee!

Dada wa Maabara
Soda wamemaliza kwanza??

Mwana Mpwapwa
Mmoja aliomba ya pili.

Mke wa Fundi
Jamani, mmeniacha na ndoo yangu.

Mama Zabibu
Ndoo achana nayo, chota kwa kidumu cha lita 5. Ganzi mwambie daktari kliniki ijayo, usinyamaze. Yangu ya vidole iliisha baada ya miezi 8, gumba la mguu hadi leo silisikii, kandambili inavuka naendelea kutembea.

Mzee wa Kikuyu
Kijana wa Mpwapwa, ng'ombe walirudi?

Mwana Mpwapwa
Sita kati ya wanane, mzee. Wawili wakasema wamekufa kwa ukame. Mmoja nimemwona juzi, ana ndama.