Bilioni 997 za Marekani bado zinatosha kutawala dunia?

Kipanga: SIPRI, taasisi ya Sweden inayofuatilia matumizi ya kijeshi, wanasema mwaka 2024 Marekani ilitumia dola bilioni 997 jeshini, China kama 314, Urusi 149. Lakini mwaka huohuo wa fedha riba ya deni lake iliipita bajeti ya ulinzi. Mimi naona ubabe unaelekea ukingoni. Anayepinga aje.

Mzee wa Bandari: Napinga. Ana meli 11 za kubeba ndege za kivita, nani mwingine anazo? Hayo makombora ya mizinga ya milimita 155 ambayo watu wanasema yamemwishia kwa kuipa Ukraine ni bomba la chuma lenye baruti. Hata mafundi vyuma wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wangeyafua.

Mkereza Vyuma: Mkuu, hapo kwenye Gerezani umechemka. Pale kwenye kiwanda chao cha Scranton, Pennsylvania, mche wa chuma unakatwa vipande, unaingia tanurini hadi zaidi ya nyuzi 1,000, presi inautoboa ukiwa mwekundu, halafu ndiyo unakerezwa. Karibu na kitako kombora linavishwa bangili ya shaba ing'ate michirizi ya ndani ya mtutu. Bangili ikilegea gesi inapita pembeni, kombora linaanguka kabla ya shabaha, labda juu ya wenzako.

Dada Fyuzi: Na hilo bado ni ganda tupu. Linasafirishwa hadi Iowa kujazwa kilo 10 na ushei za kilipuzi kilichoyeyushwa. Kikipoa kinasinyaa. Kikiacha ufa au shimo ndani, kinaweza kulipukia mtutuni. Ndiyo maana yanapigwa eksirei.

Mzee wa Bandari: Nani kasema mafundi wa Gerezani hawajui shaba? Watu wanakereza shafti za malori pale!

Mkereza Vyuma: Shafti ikipinda unaegesha lori, bwana.

Kipanga: Jamani, mada ni bajeti.

Dada Fyuzi: Bajeti ndiyo hii tunayoisema. Mwanzoni mwa 2022 walitoa makombora kama 14,000 kwa mwezi, wakaahidi 100,000, katikati ya 2025 walikuwa kwenye 40,000 hivi. Hela ipo. TNT, kilipuzi cha kujazia, ndiyo haipo: waliacha kuitengeneza kwao 1986, wakawa wananunua Poland. Kuisafisha kunaacha maji mekundu yenye sumu, hakuna mtaa unaoyataka. Novemba 2024 ndiyo wametoa mkataba wa dola milioni 435 wa kiwanda kipya Kentucky.

Mzee wa Bandari: Si umeona? Ana milioni 435 za kujenga. Ubabe huo.

Kipanga: Mzee, mbabe anayeagiza baruti Poland?

Mzee wa Bandari: Kuagiza si udhaifu. Wewe ngano unalima mwenyewe?

Mkereza Vyuma: Ngano waachie wengine. Bado hujanijibu: Gerezani bangili utaibana kwa presi ya tani ngapi?