Mjadala: Anayetaka ufundi magari aende VETA au aingie gereji moja kwa moja?

Wakuu habari zenu. Nyumbani kwetu huu ubishi haujaisha toka matokeo ya form four yatoke. Mdogo wetu anataka ufundi magari, hataki kusikia kingine, mjomba anasema apelekwe kwa fundi anayemjua pale Ilala aanze kushika spana kesho asubuhi, mama anasema hapana aende VETA, vile vyuo vya ufundi vya serikali. Na hoja ya mjomba ndo ya watu wengi mtaani: mafundi wazuri tunaowajua hawajakaa darasani, walianza kwa kuosha spea na kumshikia fundi tochi, leo wanashusha injini ya IST na kuirudisha bila kuuliza mtu.

Mi msimamo wangu ni kwamba aende chuo, na sababu kubwa ni magari yenyewe yalivyobadilika. Enzi za kabureta fundi alikuwa anasikiliza mngurumo tu anajua tatizo liko wapi, sa hivi taa ya injini inawaka, fundi anachomeka mashine ya kusoma makosa inamwandikia kodi P0171, yaani hewa inayoingia kwenye injini imezidi kiwango kwa mafuta yaliyopo, basi anakwambia kanunue oksijeni sensa, kile kifaa kinachopima hewa kwenye moshi, unanunua, wiki ijayo taa imewaka tena, kumbe ni mpira wa hewa umepasuka unavuta hewa pembeni au pampu ya mafuta imechoka. Mashine haikutajii kifaa kibovu, inakutajia dalili, kazi ya kutafuta chanzo ni ya fundi na inataka ajue mfumo mzima unavyofanya kazi, ajue kupima umeme kwa multimita na kusoma mchoro wa waya. Ukikutana na fundi wa kubahatisha, gharama yote ya kubahatisha unailipa wewe mwenye gari, na hili linaniuma sana maana watu wengi gari ndo ofisi yao, wanabeba abiria wa Bolt.

Alafu kuna hatari ambayo hatuisemi. Prius na Aqua, zile haibridi zinazotumia mafuta na umeme, zimejaa Dar, betri kubwa ya Prius ina volti zaidi ya 200, ule ni umeme wa kuua mtu, na zile waya nene za rangi ya chungwa zimewekwa rangi ile ili usiziguse kabla hujakata umeme. Mtungi wa magari yanayotumia gesi asilia hivyo hivyo, unajazwa presha inayofika bar 200 wakati tairi ya gari ndogo ni bar 2 na kidogo. Sasa kijana anayejifunza kwa kuangalia mikono ya bosi wake, na bosi mwenyewe hajawahi kufundishwa mambo hayo, usalama ataujulia wapi?

Ila nakubaliana na mjomba kwenye jambo moja. Kuna vyuo vya binafsi mtaani vinachukua hela za wazazi, karakana ina injini moja ya kizamani, wanafunzi wanaizunguka, mwaka unaisha wengine hawajawahi kufungua hata silinda hedi. Kijana anatoka na cheti, akikutana na boliti iliyoshika kutu anaikata. Huyo akija gereji wanamcheka na kwakweli wana haki. Kwaiyo mzazi kabla hajalipa aende akaione karakana kwa macho yake, aulize field wanawapeleka wapi.

Kuhusu gharama, ada ya vyuo vya VETA vyenyewe kwa miaka mingi imekuwa 60,000 kutwa na 120,000 bweni kwa mwaka, michango, vifaa na ovaroli unalipia kando. Hiyo sio hela ya kumfanya kijana akose ufundi. Na gereji nako sio bure kama watu wanavyosema, unakaa miaka unapewa hela ya kula tu, na bosi akiamua kukuficha kazi ya giaboksi hutaijua mpaka uhame.

Kwa walioko gereji tayari, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa, anaongezewa pale alipopungukiwa na anapewa cheti. Wengi hawaujui huu mpango na wanakosa kazi za kampuni na serikalini kwa sababu ya karatasi tu.

Mi nimependekeza mdogo wetu aanze chuo, likizo zote na Jumamosi awe kwa yule fundi wa mjomba. Mjomba bado anakataa, anasema mkono wake hautazoea kazi. Mliopita VETA mkaingia gereji, na nyie wenye gereji mnaopokea vijana wa field, semeni mnachokiona, maana fomu zikitoka inabidi tuwe tumeamua.