Tupeane uzoefu: mwanambuzi wako ulimfundishaje kunywa maji?

Wafugaji wa Nairobi, hamjambo? Nina mwanambuzi yatima hapa Njiru. Chupa ya maziwa anaimaliza mara moja, lakini nikimwekea maji ananusa tu na kwenda zake. Wenye uzoefu, karibuni.

Mama wa Ruai: Pole kwa kazi. Yatima hana mama wa kumwiga. Mimi huchovya kidole kwenye maji ya uvuguvugu, nampa anyonye, halafu nateremsha mkono polepole hadi kwenye beseni angali ananyonya. Midomo ikigusa maji anavuta kidogo, anapiga chafya, anarudi tena. Hapo ndipo nachomoa kidole. Nakuomba sana, usimkandamize kichwa majini. Yakimwingia mapafuni ni nimonia, na wadogo hawa haichukui muda kuwaua.

Mfugaji wa Kasarani: Mama amenena. Watu hudhani maziwa yanatosha. Mbuzi ana matumbo manne: akinyonya, maziwa yana njia yake hadi la nne. Maji anayokunywa kwenye beseni huingia tumbo kubwa, lile la kwanza, na vijidudu vya kumeng'enya nyasi haviwezi kuishi pakavu. Wangu huanza kuonja maji wakiwa na wiki moja au mbili, na mara wanaanza kutafunatafuna nyasi. Asiyezoea maji atakonda ukimwachisha maziwa.

Kijana wa Dagoretti: Unatumia maji ya mfereji? Ya huku kwetu kuna siku yananuka klorini na mbuzi wanayakataa katakata. Yalaze kwenye ndoo wazi, asubuhi harufu imepungua. Baridi ya Julai ikiingia, yapashe kidogo.

Mama wa Ruai: Kweli. Na beseni liwe fupi, zito, lisipinduliwe. Ukiona kinyesi ndani, hata punje moja, mwaga uoshe. Akishazoea, usimwache na kiu kutwa nzima halafu umwekee ndoo tele. Akiyafakamia kwa pupa chembe za damu hupasuka, mkojo unakuwa mwekundu. Ukiuona hivyo, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Mwenye mada: Asanteni sana. Nimejaribu kidole jioni hii, amevuta maji kidogo! Sasa nimpe kabla ya chupa au baada?

Mfugaji wa Kasarani: Katikati ya chupa na chupa. Akishiba maziwa hana haja nayo, na akiwa na njaa atakurukia akitafuta chupa.