Mrejesho: Injini ya utafutaji niliyoichagua hapa Bukavu

Ndugu zangu, niliuliza ni injini gani ya utafutaji inayomfaa mtu asiyependa kufuatwa na matangazo, kwa sababu baada ya kutafuta dawa za vidonda vya tumbo, matangazo ya dawa hizo yalizidi kujitokeza kwenye simu ambayo hata watoto wangu huitumia. Nawashukuru kwa majibu.

Nimechagua DuckDuckGo, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2008 na Gabriel Weinberg, kwa kuwa matangazo yake hutegemea maneno unayoyaandika wakati huo, si yale uliyoyatafuta jana. Matokeo yake, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Bing, injini ya Microsoft, yananitosha kwa Kifaransa. Ila nikiandika "bei ya kiwanja Kadutu" napata mambo machache mno, na hapo narudi Google bila kuona haya.

Aliyenionya kwamba kubadilisha injini pekee hakutoshi alisema kweli. Kampuni ya simu inayoniuzia mega bado inaweza kujua ni tovuti gani ninayoifungua, ingawa kwenye tovuti zenye HTTPS (zinazoficha mawasiliano kwa msimbo) haisomi maneno niliyoyatafuta. Wala hali fiche ya kivinjari (incognito) haizuii hilo, maana kazi yake ni kutoacha historia kwenye simu yenyewe, jambo ambalo mimi sikulijua kabisa. Basi nimefuta vidakuzi (cookies, vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye simu ili zikutambue), nimezima historia ya utafutaji katika akaunti yangu ya Google, na kwenye kompyuta za kukodi hapa Ibanda sifungui tena akaunti yoyote.