Majivu ya baba: shambani Murang'a, baharini au Lang'ata?

Kifunguamimba
Wadau, naombeni mawazo. Baba alituacha mwezi wa pili na aliacha kauli: asizikwe, achomwe Kariokor, kwenye tanuri la maiti la Nairobi, na kusiwe na kamati ya mazishi. Tukatii. Alichosahau kusema ni majivu yaende wapi. Miezi tisa sasa kasha liko juu ya kabati la mama, katikati ya masanduku ya nguo, na kila Jumamosi analipangusa kwa kitambaa.

Tunafikiria kwa babu, Murang'a, ila ami zangu wanataka kuligawa shamba. Au baharini Mombasa, alikofanya kazi bandarini miaka 22. Au Lang'ata, alikozikwa dada yake, tukipata kibali cha kaunti. Mama ni Mkatoliki wa kila asubuhi. Baba alikuwa Mkatoliki wa Krismasi.

Mama Wawili
Pole mwanangu. Mume wangu tulimweka shambani. Kishimo cha futi mbili, kazi ya nusu saa. Baada ya miaka minne shamba likauzwa. Aliyenunua ni mtu mwema, sina neno naye, lakini nikitaka kwenda napiga simu kwanza, kisha nasimama getini nikingoja afunge mbwa. Uliza hati iko kwa jina la nani kabla ya kushika jembe.

Nahodha wa Kisauni
Nimewapeleka wengi, hasa Wahindi wa hapa mjini. Ukichagua bahari, njoo wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Kusi inachafua maji, na mama mtu mzima atatapika njia nzima. Mwage upande wa demani, upepo unakoelekea, mkono karibu na maji. Niliwahi kumwona jamaa akimwaga upande wa joshi, upepo unakotoka, yote yakamrudi kwenye koti jeusi. Akabaki kasimama, hajui ajikung'ute au asijikung'ute.

Tena si kama majivu ya jikoni. Ni mifupa iliyosagwa, chengachenga kama mchanga wa pwani. Mtu mzima hutoa kilo mbili hadi tatu, kwa hiyo usidhani ni kumwaga mara moja ukamaliza.

Mwanaparokia
Padri hatakubali bahari. Vatikani mwaka 2016 ilisema kuchoma si dhambi, lakini majivu yawekwe mahali patakatifu kama makaburini. Yasimwagwe, yasigawanywe, yasikae nyumbani. Desemba 2023 walilegeza kidogo: sehemu ndogo yaweza kuwekwa mahali palipokuwa na maana katika maisha ya marehemu. Kuhusu lile kabati, mwambie mama kwa upole, au umwachie padri.

Jembe Halimtupi
Mbona hakuna aliyetaja kupanda mti? Profesa Wangari Maathai alichomwa Kariokor mwaka 2011, jeneza likiwa la gugumaji, mafunjo na mianzi ili mti usikatwe kwa ajili yake. Majivu yakazikwa Kabete, kwenye taasisi yenye jina lake.

Shamba Dogo
@Jembe, hayo yalizikwa kwenye uwanja wa taasisi, hauuzwi kesho. Na majivu usiyamwage matupu kwenye shimo la mche. Yana chumvi nyingi na ukali kama wa chokaa. Sisi tulimpandia nyanya yetu parachichi, majani yakaungua kingo, likafa kabla ya mvua za masika. Nyumba nzima ikalia upya. Changanya na udongo mwingi na mboji, au zika kasha pembeni.

Wa Magharibi
Kwetu hata kuuliza swali hili ni kutafuta laana, lakini sikuhukumu. Neno moja tu: hao ami zako wanahitaji kuona udongo ukirushwa. Popote utakapochagua, waite, kila mmoja atie gao lake la udongo.

Kifunguamimba
Asanteni. Hati bado ni ya babu, na babu alifariki 1988. Murang'a imejiondoa yenyewe. Jana nikamuuliza mama moja kwa moja, badala ya kumzungukia. Akasema, "Mimi nataka mahali pa kuweka kiti." Basi ni Lang'ata, kando ya shangazi, na ami watakuwepo.

Padri amekubali kiasi kidogo kiende Mombasa. Nahodha, Januari utakuwepo? Ni mimi, mama na kikopo kimoja.

Nahodha wa Kisauni
Nipo. Njooni alfajiri, kabla upepo haujaamka. Na usivae koti.